Muhogo Uliokosa Shamba

Lurujo, Jumamosi. Mawingu yamekaa upande wa Kongo tangu asubuhi lakini mvua haianguki. Joto limenibana, na moyoni sina raha.

Leo nimeng'oa muhogo mchanga.

Shamba la familia tumemkodisha mfanyabiashara kutoka Arua anayetaka kulima alizeti. Jumatatu trekta lake linaingia. Muhogo wangu ulikuwa bado, mizizi haijazidi kidole gumba, lakini makubaliano hayangoji muhogo ukomae. Kwetu muhogo hauhitaji ghala. Unachimba wa leo, wa kesho unauacha ardhini. Sasa nimeuchimba wote kwa mpigo, umejaa uani, na mvua ikija sijui nitaukaushia wapi.

Ningependa kumlaumu mume wangu, ila siwezi. Tulikubaliana wote wawili. Kodi ya shamba ndiyo inayomsomesha binti yetu Viola kule Ediofe. Nikimlaani mpangaji, nailaani na karo ya mwanangu. Nikimshukuru, naliona jembe langu limeegemea ukuta na machozi yananilengalenga.

Nimenaswa, na mtego wenyewe nilisaidia kuutega.

Halafu ona kituko. Nilipomaliza kung'oa, mikono yangu ilikusanya vijiti vya mbegu, ikavifunga mafungu na kuvisimamisha kivulini, kama ilivyozoea. Ndipo nikajiuliza: utavipanda wapi, mwanamke wewe? Nikampigia kaka yangu kwetu Kuluba, nimwombe kipande. Alicheka kidogo bila furaha, akasema na wao wamekodisha mpaka ukingoni mwa barabara.

Mama mkwe alikuwa amekaa barazani akinisikiliza. Alinyanyuka taratibu, akaenda nyuma ya nyumba kwenye makaburi ya familia, kipande pekee ambacho mpangaji hakukitaka. Akagonga fimbo chini, kando ya kaburi la mumewe.

"Panda hapa, Mama Viola. Huyu mzee alikula muhogo yangu mpaka akakufa. Sasa wacha yeye alishe sisi."

Hapa kwetu chakula hakipandwi makaburini. Yeye mwenyewe ndiye aliyenifundisha hivyo nilipoolewa. Nikamtazama usoni nikidhani ananitania, maana anapenda utani. Hakuwa akicheka.

Basi nimepanda. Nilianza pembeni kwa aibu, nikimaliza kijiti kimoja natazama njia kama mwizi. Vijiti vikawa vingi kuliko nafasi, nikaishia katikati ya makaburi. Mgongo unauma. Nimenawa mara mbili, bado naona udongo kwenye kucha ninapoandika haya.

Mwakani Viola akija likizo atakuta muhogo umekomaa, nami nitamsongea ugali. Namjua mwanangu, ataniuliza tumelima wapi. Nitamwambiaje kwamba shamba limekwenda shuleni, sisi tukabaki na makaburi?