Stata Imekufa, Mke Anasukuma

Jumanne.

Stata ya pikipiki yangu imekufa kabisa. Fundi wa Ujiji kaifungua, kaboni zimekwisha. "Mzee, piga kiki tu." Nikamwambia aniazime mguu wake, maana huu wangu ulioliwa na sukari hauwezi kumpiga teke hata kuku.

Basi mke wangu akanisukuma kwenye mteremko wa Katonga. Ikawaka. Kugeuka, namwona amekaa chini barabarani, kashika kifua.

Nami mjinga nikamzunguka mara tatu, nikiogopa nikisimama itazima. Nikampigia kelele, "Panda, bibi harusi!"

Miaka yote hii hajawahi kuninyima kicheko. Leo akasema tu, "Zima, Baba Asha. Sioni vizuri."

Nikazima. Sasa tuko nyumbani, amelala, nami namsikiliza anavyohema. Kesho hospitali, atake asitake. Naogopa.