Siku Lua Ilipogoma Kasoli

Jumatatu, Bariadi. Jua kali, vumbi mpaka kwenye kibodi, na mimi nina aibu yangu.

Mwaka mzima nimeisema vibaya Java, lugha ya kuandikia programu za kompyuta. Programu yake hugeuzwa kwanza kuwa bytecode, yaani maagizo mafupi mafupi. Kutoa uzito wa gunia kwenye uzito wa mizani, Java inataka maagizo manne: chukua, chukua, toa, weka. Lua, lugha nyingine ya namna hiyo, inataka moja tu. Moja! Nilipoliona nilipiga meza kofi, mke wangu akadhani nimeua nyoka.

Basi nikaiandika upya kwa Lua programu ya mizani ya kituo cha pamba cha Kasoli na kuikompaili, yaani kuigeuza bytecode, nyumbani. Mtoto wa mkulima wa pamba, nikaona niipeleke kituoni ikiwa imeshachambuliwa. Mbegu zake, ile kodi, yaani maandishi ya programu niliyoyaandika kwa mkono wangu, nikaziacha Bariadi.

Kasoli foleni ilikuwa ndefu. Mayu Milembe, mama karani wa mizani, akanipa kimashine chake kipya cha mkononi. Nikaiweka Lua. Ikagoma. Bytecode yake hufuata umbo la mashine iliyoitengeneza, na kimashine kile si ndugu wa kompyuta yangu. Nilishalisoma hilo, nikalipuuza.

Ng'ambo ya barabara mnunuzi mwingine alikuwa ameshafungua. Siku hizi kila mtu anauza anakotaka. Wakulima wawili wakabeba magunia yao, wakavuka.

Mmoja wao ni baba yangu.

"Ng'wanawane, mwanangu," Mayu akaniambia taratibu, "ile ya zamani je?"

Ile ya Java, niliyoikompaili kwa ajili ya kompyuta ya ofisini, ilikuwa bado kwenye flashi. Kimashine hakijawahi kuiona. Nikaiweka. Kimashine kikaikagua agizo kwa agizo, ikafunguka. Hakuna nilichobadilisha, hata herufi moja! Jamani, waliobuni kitu kile wana akili. Maagizo manne, sawa, lakini ni yale yale kwenye kila mashine. Foleni ikasogea, Mayu akaanza kutaja kilo kwa sauti.

Lua bado naipenda. Wepesi ule ni wa kuvuliwa kofia, kosa lilikuwa langu. Kesho naenda na kodi yenyewe, kimashine kiikompaili chenyewe palepale. Java itabaki kwenye flashi, na kuitukana nimeacha.

Mchana nilipita kwa baba. Aliuliza tu, "Mashine yako imepona?"

Nikamwambia imepona. Amebakiwa na magunia mawili, atayaleta kesho. Atasimama upande gani wa barabara?