Ukurasa Uliozikwa Nao

Mtani wangu Ramadhani,

Shikamoo sikupi. Hukuipata kwangu ukiwa hai, miaka arobaini tukibishana nani alitangulia kuzaliwa, na sasa kwa kuwa umenitangulia kufa usidhani umeshinda. Mmanyema ni Mmanyema tu, hata makaburini anataka kukaa mbele.

Huku tupo. Ziwa lipo palepale, dagaa wamepungua, umeme unakuja na kuondoka bila kuaga. Pale zahanati wameleta tabibu mpya, kijana mpole, ana ndevu tatu, nimezihesabu. Wagonjwa wanamwita daktari naye haringi. Wewe ukiitwa daktari ulikuwa unakohoa kwanza ndipo unaitika.

Lakini sikukaa mezani kukupa habari za mji. Nimekasirika. Kila ninayetaka kumkasirikia ananiambia, mzee, kosa ni lako. Umebaki wewe tu usiyeweza kujibu.

Nitaanza mwanzo, ingawa unajua, maana hasira yangu haijui kuanzia katikati. Mjukuu wangu Yustina alirudi kwangu Gungu na digrii yake ya maabara. Akachoka kuwaona watu kwenye darubini, damu bila mwenye damu. Akasema anataka kumwona mgonjwa usoni. Akakufuata zahanati, akajitolea mwaka na nusu mbele ya macho yako. Ni wewe uliyemwambia kuna masomo ya udaktari msaidizi, ya watu wenye digrii tayari, kwenye chuo cha nje ambacho jina lake mimi mwenye darasa la tano siwezi kulitamka mpaka leo. Mimi nilikuwa nataka aolewe. Ukanijibu, "Kuoa hata wewe umeoa, imekusaidia nini?"

Chuo chenyewe kinataka masaa. Si cheti peke yake. Masaa aliyokaa na wagonjwa, yaandikwe, msimamizi asaini. Ukanunua daftari dogo la kuingia mfukoni mwa koti. Kila jioni ukawa unaandika tarehe, masaa, alichofanya, kisha unatia ile sahihi yako inayofanana na jongoo aliyekanyagwa. Ukurasa wa mwisho ukaweka sindano na kushona vidonda, na chini yake ukaandika maneno yako juu yake, yale ambayo chuo kinataka kuyasoma. Uliyaandika Jumatano, akayasoma, akaja nyumbani anaruka kama mtoto. Ijumaa ukafa. Presha, walisema. Wewe uliyetupima presha Ujiji nzima na kutukataza chumvi.

Haya. Sasa nikusimulie msiba wako, maana hukuuona.

Mimi Mha wewe Mmanyema, makabila ya utani, kazi yangu siku ile ilijulikana: kukuigiza mpaka wafiwa wacheke. Walikuwa wananingojea. Nilipofika kwako sikumpa mtu mkono, nilikwenda moja kwa moja nyuma ya mlango nikavaa koti lako jeupe, nikatundika shingoni mpira wako wa kupimia, nikavaa na miwani yako ile mizito kama vitako vya chupa. Nikatokea uani tumbo mbele, nakohoa. Mkeo Bi Zainabu alikuwa analia, akacheka huku analia, mpaka wakamshika. Nikawapanga watu foleni. Nikawapima mapigo ya moyo kwenye kisigino. Mfukoni mwa koti nikakuta kalamu na daftari, basi nikaanza kuandika dawa, nachana karatasi, nampa mgonjwa, anayefuata.

Mama Sharifa, yule anayeuza samaki wa migebuka Katonga, nilimwandikia: Acha umbea, kutwa mara tatu, baada ya chakula. Mwenyekiti wa mtaa: Usihutubie mpaka upone. Yule kijana wa bodaboda aliyekuwa anakupeleka kazini: Oga, rudia baada ya siku saba. Hata shehe alifunika mdomo kwa kanzu.

Zile karatasi zilikuwa zimeandikwa tayari upande mmoja, mtani. Sikuona. Niliandika nyuma yake bila kujua. Kwa miwani yako ile kila kitu kilikuwa ukungu, watu ukungu, jeneza ukungu. Watu waliponiuliza mbona macho yanatiririka nikasema ni miwani.

Makaburini niliandika ya mwisho. Shehe ameshasoma, watu wanamwaga udongo viganja vitatu vitatu. Mimi nikachana ukurasa wa nyuma kabisa, nikaandika haraka, nikaukunja ndani ya kiganja cha tatu nikauachia. Ilikuwa dawa yako. Hakuna aliyeona.

Arobaini ikapita. Yustina akaenda kwa Bi Zainabu kuomba daftari lake, akapewa daftari lenye masikio ya karatasi zilizochanwa. Karatasi kumi na mbili hazipo. Alirudi nyumbani nikiwa nakunywa uji. Hakupiga kelele, bora angepiga. Alisema, "Babu, uliandika nini nyuma ya masaa yangu?"

Sijawahi kutembea kama nilivyotembea wiki ile, na mguu wangu huu. Nilianzia Katonga. Mama Sharifa alikuwa ameibandika dawa yake juu ya meza ya samaki, ina magamba. Akagoma kuitoa, eti tangu aibandike wateja wanacheka na wanaocheka wananunua. Nikamwandikia nyingine, kali zaidi, ndipo akanipa. Wa bodaboda alikuwa ameiweka ndani ya kofia ngumu, imeloa jasho, lakini jongoo wako alionekana, kumbe ulitumia wino wa maana. Mwenyekiti aliiweka kwenye faili la vikao, akataka niandike barua ya kuiomba. Barua! Nikamwambia sasa naelewa kwa nini nilikuandikia ile dawa.

Na Mzee Yahaya asiyejua kusoma, yeye aliipeleka duka la dawa kwa moyo mmoja. Nilimwandikia alale na mkewe, si na redio. Binti wa pale akasoma, akamtazama, akampa vidonge vya minyoo. Akapona, sijui alikuwa anaumwa nini. Mpaka leo ukimwambia ile haikuwa dawa anakuona una wivu. Karatasi tuliikuta imechomekwa kwenye msumari wa risiti.

Zikapatikana kumi na moja.

Tukaenda steshenari kujaza fomu. Mtani, kufa kwako umekwepa mengi. Fomu iko ndani ya kompyuta na haina mtu wa kubishana naye. Inataka namba ya siri yenye herufi kubwa na ndogo na alama, ukiisahau inakuuliza jina la mwalimu wako wa kwanza. Ikatuletea picha za barabara, tuguse zenye taa za kuongozea magari, tuthibitishe sisi si roboti. Mimi roboti? Tulipomaliza mtandao ukakatika, tukaanza upya, taa zilezile. Halafu ikataka barua pepe ya msimamizi. Yustina akaandika kwamba amefariki. Kisanduku kikawa chekundu, kikasema andika barua pepe sahihi. Akaandika tena. Chekundu. Nilitaka kukipiga kofi. Kijana wa pale akashauri tukufungulie barua pepe yako mwenyewe, wakikuuliza tujibu sisi, nani atajua. Nikasema hilo ndilo wazo la kwanza la akili leo, na marehemu angefurahi. Yustina akakataa. Alisema hataki kuanza udaktari kwa kumfufua mtu kwa uongo. Hapo nilikusikia wewe kabisa, na nikakasirika zaidi. Akaandikia chuo barua ya kueleza.

Sasa hili ndilo lililonifanya nikae mezani.

Kila jioni alikuwa anatoka kuutafuta ukurasa wa kumi na mbili. Nyumba kwa nyumba, anauliza kwa heshima, samahani mama, siku ya msiba babu hakukupa karatasi? Siku saba. Mimi najua uko wapi na nimenyamaza. Namwona anavua viatu mlangoni, miguu vumbi, na mimi… nilikuwa namwuliza amepata? Nilimwuliza hivyo, Ramadhani. Nilimwuliza kama mtu asiyejua.

Siku ya nane nilimwambia. Alikuwa anachambua maharage. Mkono ukasimama juu ya ungo. Nilingoja anitukane, nina haki ya kutukanwa. Akauliza tu nilikuandikia nini. Nikamwambia. Niliandika: Amka. Kutwa mara moja, asubuhi.

Akaendelea kuchambua maharage. Baadaye kidogo akajifuta pua kwa bega, akasema hata yeye angekuandikia hiyohiyo.

Tukaenda mahakama ya mwanzo nikaape kwamba ukurasa umo kaburini. Karani akaniuliza ukurasa huo hauwezi kupatikana kwa njia nyingine? Nikamwambia kijana wangu, nina utani mwingi lakini hata mimi nina mipaka. Akagonga mhuri huku ameuma mdomo asicheke.

Yale maneno yako Yustina alikuwa ameyashika kichwani. Kwenye barua yake ya kujieleza alikuwa ameandika mambo makubwa ya kutoa kwenye mtandao, jamii, maono, ndoto ya tangu utotoni, sijui nini. Akayafuta yote. Akaandika jinsi ulivyomfundisha kumsalimia mgonjwa na kukaa kwanza kabla ya kumuuliza anaumwa wapi. Akasema msimamizi wake aliandika hivi, na ukurasa umezikwa naye kwa sababu ya mila yetu: "Anamsikiliza mgonjwa mpaka mwisho. Mengine mtamfundisha ninyi." Akanisomea. Nilitoka nje kutazama kuku. Na kuku sina.

Chuo kikajibu. Walisema wamesoma kiapo na barua, wanatoa pole, maneno yako wameyapokea kama alivyoyaeleza, ila masaa ya ukurasa ule bila sahihi hayahesabiki. Ayarudie chini ya msimamizi mwingine kabla dirisha la maombi halijafungwa mwisho wa mwezi, la sivyo asubiri mwakani. Mwakani! Wana kalenda ya watu wasiozeeka.

Tabibu mpya wa ndevu tatu akakubali kumsimamia na kusaini. Tangu hapo anakwenda kila siku. Kushona vidonda kumetimia, wavuvi hawaishi kujikata. Shida ni sindano. Siku hizi kila mtu anapewa vidonge, hakuna anayetaka kuchomwa. Zimebaki siku sita na yeye anapungukiwa masaa ya siku tano.

Na mimi nina mguu. Huu niliokuficha mwaka mzima, nikivaa suruali ndefu kila nikipita kwako, kidonda cha kifundoni ambacho nilikuwa nakipaka majivu. Yustina alikiona wiki iliyopita. Tabibu mpya akakitazama, akaandika sindano, kila siku moja, siku tano.

Unacheka. Najua unacheka, na udongo wote huo juu ya kifua. Hukusahau ile siku uliyonivua suruali nusu pale chumba cha sindano, ukageuka kuchukua pamba, ukageuka tena ukakuta dirisha liko wazi na mimi niko kwenye mihogo ya jirani, nakimbia nimeshika kiuno. Uliisimulia msibani kwa kaka yangu, uliisimulia harusini kwa binti yangu, ulimsimulia hata padri.

Yustina hakuniomba. Hilo ndilo linaloniudhi. Ameacha kile kikaratasi cha tabibu mezani, hapa mbele yangu ninapokuandikia, akaenda kazini bila neno. Amejifunza kwako, kungoja mgonjwa aseme mwenyewe.

Jambo jingine halafu nikuache. Ulitakiwa unizike wewe. Uvae kofia yangu ya pama, uchechemee kama mimi, uwadai watu tumbaku. Nikifa nani atawachekesha? Umeniharibia msiba wangu, Ramadhani, na hilo sikusamehi, hata ukinisubiri huko na chai.

Lala, Mmanyema. Dawa niliyokuandikia hukuitumia, umekuwa mgonjwa mkaidi kuliko mimi. Basi utunze huo ukurasa, ndio sahihi yako ya mwisho na nyuma yake ndiyo yangu.

Ahadi yangu ni hii. Kesho asubuhi nakwenda zahanati, na siku nne zinazofuata. Nitavua suruali mbele ya mjukuu wangu kwa adabu zote, nigeukie ukutani, na masaa yatimie. Jana nilipita kuchungulia kile chumba. Dirisha lile wameliwekea nondo.

Nitakwenda hivyohivyo.

Mtani wako,
Stanslaus wa Gungu