Mapazia ya Motokaa

Jumapili, 4 Agosti 1957

Bibi amekubali! Bado siamini. Miaka yote hii Bi Umi anamwita dada yake Unguja, na Bibi anajibu kwamba bahari imemchosha kwa kuitazama tu. Leo baada ya chai akaweka kikombe chini, akasema atapanda ndege. Mama akalia. Mimi nikacheka, nikacheka mpaka nikaona haya.

Lakini ana masharti. La kwanza, motokaa. Bi Umi yuko shambani, mbali na mji, na Bibi hawezi kubanwa ndani ya basi. Hashim (ndugu yangu, yuko likizo kutoka forodha ya Mombasa, amekuja na viatu vipya na maneno mengi) akasema hilo limekwisha. Pale uwanja wa ndege wa Unguja kuna mtu anakodisha motokaa, atampelekea simu kesho. Sharti la pili, dereva asiwe mwanamume wa kando. Bibi hatakaa nyuma ya kisogo cha mtu asiye mahram wake. "Basi naendesha mimi, mjukuu wako," Hashim akasema, akizungusha mikono hewani. La tatu, madirisha yawe na mapazia.

Hashim akamchokoza. Na rubani je, Bibi? Yule ni Mzungu, si mahram wako.

"Yule ni kama nahodha," Bibi akasema. "Nahodha hutazama mbee."

Mimi sikuulizwa neno. Mama alinitazama mara moja tu, kisha akaokota vikombe.

Jumatatu, 5 Agosti

Nikiandika hapa, sisemi na mtu. Basi niandike — mimi najua kuendesha motokaa. Najua kweli, na leseni ninayo. Nilipokuwa nasomea ualimu Unguja, Jamila alinifundisha kwenye njia ya mikarafuu ya shamba la baba yake. Tulivua viatu. Alisema mguu mtupu husikia klachi kama sikio. Sasa Jamila ameolewa Ngazija, na mimi nimerudi kisiwa ambacho hakina motokaa hata moja. Punda wengi. Elimu yangu imekosa mahali pa kukanyaga!

Mama anajua. Aliiona leseni nilipofungua sanduku, mwaka juzi. Hakugomba. Alisema tu: "Ukionekana na usukani, mwanangu, kesho yake utafundisha madawati."

Na hana makosa. Hilo ndilo linaloniudhi. Wazazi walikataa kabisa kuleta wasichana shuleni mpaka Bwana Kamaludin alipowaleta binti zake wawili. Baada yake wakaja wengine, mmoja mmoja, kila baba akimtazama mwenzake. Akiwaondoa yeye, wataondoka wote. Nikifikiri juu ya mwanafunzi wangu mdogo Maimuna anavyosoma huku amekishika kitabu kwa mikono miwili, kama bakuli la maziwa, najua siwezi kuwa mpumbavu.

Basi Hashim aendeshe. Nitakaa pembeni nitazame minazi. Nami nimeridhika, kweli nimeridhika. Safari ni ya Bibi.

Jumanne, 6 Agosti

Leo mapazia. Mama alitaka kununua kitambaa dukani. Bibi akasema hapana, akaniita nimfungulie kasha. Chini kabisa, imekunjwa na karafuu, akatoa shiraa.

Nilikuwa nimeisikia tu. Ni kama hema lisilo na chini, la buluu iliyoiva, lenye pindo la hariri. Bibi alipokuwa msichana hakutoka ila ndani yake, na watu wameishika juu ya fimbo pembe zote nne. Nguo imechakaa kwenye mikunjo lakini rangi haijafa.

Akanipa mkasi. "Kata."

Mkono ukanigoma. Akacheka. "Kata, mwanangu. Ilinifita mbele za watu, sasa nainifite motokaani." Kufita kwake ni kuficha.

Wakati nakata alikuwa akisimulia. Ndani ya shiraa huoni nyuso za watu. Unaona maguu tu, yanayopita chini ya pindo. Ndiyo yaliyokuwa magazeti yake! Alijua nani ana haraka, nani ana deni, nani amegombana na mkewe. "Babu yako nalimyua kwa maguu kabla ya uso. Alikenda kama mtu aliyesahau kitu nyumbani."

Nikamuuliza ni akina nani walioshika fimbo.

"Barka," akasema. "Na Faida. Na vijakazi wengine wawili, majina yamenipotea." Kisha: "Maguu ya Barka yalikuwa na nyufa. Mimi nalikuwa na makubadhi."

Nimekata mpaka adhuhuri.

Jumatano, 7 Agosti

Hakuna anayejua dirisha la motokaa lina ukubwa gani. Hashim ameonyesha kwa mikono, asubuhi hivi, jioni hivi. Mimi najua, lakini nitajuaje? Mama ameamua kupima mlango wa kabati. Bora yazidi kuliko yapungue, amesema. Yatafika sakafuni!

Nimeshona mpaka vidole vimekufa ganzi. Nina furaha ya kijinga.

Alhamisi, 8 Agosti

Leo tumepanda motokaa ukumbini.

Bibi ndiye aliyetaka. Hataki kufika mbele za watu asijue pa kuweka mguu. Basi Hashim akapanga. Yeye mbele kwenye kigoda, sinia ndiyo usukani, mchi wa kinu umesimamishwa kando ndio gea. Mimi kigoda cha pembeni yake. Bibi na Mama nyuma kwenye viti, na mapazia tumeyatundika kwenye kamba.

Tukaondoka. Hashim akavuma kwa mdomo. Akakata kona, Mama akajishika kweli kweli kwenye kiti! Hapo akaingia jirani yetu, Bi Hindu, na sahani ya vitumbua.

"Mna nini nyinyi? Mwangojea meli?"

"Hii ni motokaa, Bi Hindu," Mama akasema bila kucheka. "Piga hodi kwa mbali, tusikugonge."

"Basi nishusheni Langoni."

"Langoni tumeshaipita," Hashim akasema. "Ulikuwa wasema mno."

Bi Hindu akakaa chini akacheka hadi ukaya ukamwanguka kichwani. Vitumbua tukavila safarini.

Lakini niliona jambo. Kila Hashim alipouvuta mchi, mguu wangu wa kushoto ulikanyaga sakafu wenyewe, kabla sijaukataza. Wa Hashim haukutikisika hata mara moja. Alizungusha sinia tu kama anayepepeta mchele.

Nikageuka upesi. Mama alikuwa akimjibu Bi Hindu. Bibi alikuwa ameinamisha kichwa nyuma ya pazia. Alikuwa amesinzia.

Ijumaa, 9 Agosti

Baada ya sala nilimbana Hashim darini, penye nguo za kuanika. Nikamuuliza kweli anajua?

"Mwalimu kaanza mtihani," akasema.

"Umeendesha mara ngapi?"

"Mara mbili. Rafiki yangu ana gari."

Nikamtazama.

"Moja ilikuwa ya kuteremka kilima," akasema polepole.

Lakini ana moyo mzuri, Hashim. Hawezi kumwambia Bibi hapana. Alisema akifika atakwenda taratibu, njia ya Unguja imenyooka, na Mungu yupo. Nikamwambia Mungu yupo, na mitaro ipo. Akanifunga ushungi usoni kama tulipokuwa watoto, tukacheka. Kisha akauliza kwa nini mimi nijue habari za mitaro.

Nikakung'uta kanga, nikateremka.

Jumamosi, 10 Agosti

Tunafunga mizigo. Achari, mikate ya mofa, halua ya Bi Umi. Nimemsikia Bibi akiimba peke yake chumbani.

Jumatatu, 12 Agosti
Manda, tunangoja ndege

Bibi ametoka nje kweupe! Tumempitisha vichochoro vya nyuma hadi gatini, Mama kulia, mimi kushoto. Buibui limemfunika uso mzima, anatazama chini, na kila hatua ananong'ona. "Huyo mlevi wa mirungi. Huyo ana kiatu cha kuazima." Mashua ikatuvusha asubuhi mapema, maji yametulia kama mafuta kwenye chungu.

Hapa uwanja ni nyasi na kibanda cha makuti. Karani ana mizani ya kopra, kila abiria lazima apimwe. Bibi akasimama.

"Mimi si gunia."

Karani kijana wa watu akaomba sana. Bi, ndege hairuki bila hesabu.

"Niandike uzani wa Hashim," Bibi akasema. "Kisha utoe maneno yake."

Karani ameandika! Sijui ameandika nini.

Habari moja si njema. Abiria wa tano ni Bwana Kamaludin. Anakwenda Unguja kwa biashara ya nguo. Amenisalimu kwa heshima, "Mwalimu," akaniuliza binti zake wanaendeleaje. Nimesema vizuri sana. Ni kweli.

Ndege hiyo inasikika.

Siku hiyohiyo, Unguja, uwanja wa ndege

Naandika benchini, upesi.

Ndege ilikuwa kama kukaa ndani ya ngoma. Bibi alifumba macho tangu Manda, akafungua tuliposhuka, akasema, "Ni hiyo tu?"

Motokaa ilikuwa inangoja, nyeusi, imeoshwa. Mwenyewe anaitwa Bwana Gharib, mnene, mpole, anakodisha hapa tangu vita viishe. Tukatundika mapazia yetu. Marefu mno! Yameteremka hadi sakafuni, upande wa Bibi moja limetoka nje ya mlango na pindo la hariri liko karibu na ardhi. Bwana Gharib hakucheka. Alisema hajapata kukodisha chumba cha bibi harusi. Bibi akaingia, mguu wa kulia kwanza, kama alivyojifunza kwa vigoda. Akakaa. Mama akaingia. Mimi mbele. Hashim akawasha.

Ikaruka kama chura, ikazima. Akawasha. Ikaruka, ikazima. Mara ya tatu gea ikalia kilio ambacho nimekisikia mpaka kwenye meno. Mguu wangu ulikuwa umekanyaga hadi mwisho, na mbele yangu hapana kitu cha kukanyaga.

Bwana Gharib akafungua mlango, akamshika Hashim bega kwa upole. "Ndugu yangu, wewe sikupi. Nitawapa dereva, kijana mwenye adabu."

"Dereva sitaki," sauti ikatoka nyuma ya pazia. "Ndege yarudi lini?"

Mama akasema, mama yangu, usifanye hivyo, dada yako amepika tangu jana. Bibi akajibu kwamba maisha yake yote hakukaa nyuma ya mwanamume wa kando, na hataanza leo akiwa karibu ya kaburi. Nilimjua kwa sauti. Hakuwa anatishia. Angerudi kweli! Maili chache kutoka kwa Bi Umi, angerudi, na asingetoka tena.

Hashim akakaa juu ya sanduku la halua, amejishika kichwa. Nilimhurumia.

Kisha Bibi akaniita: "Mwanaarabu, ndoo."

Nikaenda kwenye mlango wake. Pazia halikufunuka.

"Alkhamisi, ukumbini. Ndugu yako alizungusha sinia. Wewe ulikanyaga."

Nikaushika mlango.

"Kila akivuta mchi, wakanyaga. Yeye guu lake lilala. Nikasema, kumbe dereva ni huyu. Nikangoja useme. Siku nne nangoja."

"Bibi, nalidhani umesinzia."

"Nalikuwa nasoma."

Mama akashuka upande wa pili, akaja kwetu nusu akikimbia. Akanong'ona: "Mama, Bwana Kamaludin yule pale! Binti zake ndio shule yote."

"Namuona," Bibi akasema. "Viatu vya kahawia. Vyaelekea huku."

Nikageuka. Ni kweli. Amesimama kivulini na mfuko wake, anangoja mwenyeji wake, gazeti amelikunjua lakini viatu vimetuelekea sisi.

Bwana Gharib akakohoa. "Dada, kwani wewe leseni unayo?"

Sijapata kuulizwa swali hilo na mtu. Nilimtazama Mama. Alikuwa ametazama chini, kwenye pindo la shiraa, mahali niliposhona mimi.

"Ninayo," nikasema. Sauti haikuwa kubwa, lakini gazeti la kivulini liliteremka kidogo.

Bwana Gharib akaniwekea ufunguo mkononi. Mama akaushika mkono wangu, akaufunga vidole juu ya ufunguo, akaushikilia hivyo hivyo, hakuunyang'anya wala hakuuachia. Kisha akasema: "Niacheni niswali kwanza."

Ndipo tulipo. Mama ametandika mkeka kando ya benchi langu, anaswali adhuhuri na alasiri pamoja, kwa safari. Rakaa mbili, kisha mbili. Hajapata kuswali polepole namna hii. Hashim amekuja kunipa maji, amesema neno moja: "Mitaro!" — akatikisa kichwa, akacheka peke yake. Bibi hajashuka. Hakuna aliyemwambia ndege inarudi lini, naye hajauliza tena. Bwana Kamaludin mwenyeji wake amefika, wameamkuana, lakini hawajaondoka. Viatu viko palepale.

Nafikiria juu ya Maimuna na kitabu chake. Nafikiria juu ya Barka, ambaye alitembea mji mzima ameshika fimbo na hapana aliyemuuliza anataka kwenda wapi. Nafikiria juu ya madawati.

Nimetazama chini sasa hivi. Viatu vyangu vimepangwa vizuri chini ya benchi, na mimi niko peku. Sikumbuki nimevua saa ngapi.

Mama amekaa tahiyatu ya mwisho. Anatoa salamu upande wa kulia. Mimi niko kushoto kwake, ufunguo mkononi, nangoja anigeukie.