Orodha ya Waliohudhuria

Cardiff
12 Januari 2025

Mpwa wangu Yusra,

Assalaam aleikum. Leo Jumapili nimetimiza miaka arobaini na minne na siku tisa tangu nilipoondoka Kinondo. Mimi ni mzima, ila goti la kushoto linasumbua kwa baridi. Natumai nawe hujambo, na kwamba kile kidole alichokuvunja Swabir ulipokuwa mkewe kinaweza sasa kufunga kamba za mwani bila maumivu.

Nimesoma gazetini kwamba serikali inaandaa kanuni mpya za kulinda siri za watu mitandaoni, na kwamba mwezi ujao wananchi wataitwa Msambweni kutoa maoni. Ningependa uende. Unajua nilifanya kazi miaka ishirini na tisa katika chumba cha mafaili cha hospitali hapa. Nilipoanza, yeyote mwenye koti jeupe aliweza kufungua faili la yeyote. Ilipokuja sheria, milango ilifungwa, na ufunguo mmoja nilikuwa nao mimi. Wewe uliye na sababu ya kuficha unapoishi una la kusema kuliko wengi.

Kuhusu Desemba, nia yangu ni ile ile. Tangu mama yako afariki sina mtu mwingine huko ila wewe, na miaka niliyobakiza ningependa kuimalizia kwako. Tiketi nitakata Agosti. Chumba kisiwe na makuu: dirisha, kitanda na rafu ya vitabu vyanitosha.

Mjomba wako,
Chirau


Kibuyuni
3 Februari 2025

Mjomba,

Shikamoo. Barua imefika salama kwa sanduku la posta la shule. Sisi hatujambo, alhamdulillahi, na kidole kinafunga, japo polepole. Bi Dama, jirani yangu, anakusalimu. Aliuliza kama huko wajipikia mwenyewe. Nilipomwambia ndiyo, alisikitika kama aliyepewa habari ya msiba.

Chumba chako nimekipiga plasta. Majirani wote wanakiita chumba cha Mjomba, na wengine wameshaanza kuniuliza utawaletea nini.

Kuhusu mkutano, niwie radhi, sina imani. Mzee wa kijiji, Mbarak, alipoutangaza, watu walicheka. Thoya fundi simu alimwuliza kama serikali inayotuchukua alama za vidole kila baada ya miaka michache, kisha ikarudi kutuuliza sisi ni nani, ndiyo itakayotutunzia siri.

Nami nina langu. Katika ngoma za harusi za wanawake, Bi Dama huketi mlangoni na kapu. Kila anayeingia hutia simu yake humo, hata awe mke wa nani. Ndani tunavua mabuibui na kucheza tutakavyo. Tangu aanze, haijatoka nje picha hata moja. Hakuna aliyeandika sheria. Yupo mtu mlangoni, na tunamjua. Hiyo sheria ya serikali itaketi mlango gani?

Halafu kuna Swabir. Majoreni, anakoishi, si mbali na hapa. Kadhi alivunja ndoa yetu miaka mitatu sasa, na bado anauliza watu niliko. Anaamini niko Mombasa. Sipendi kuandika jina langu mahali popote.

Mpwa wako,
Yusra


Cardiff
14 Februari 2025

Yusra mwanangu,

Salamu nyingi, nawe umrudishie Bi Dama zake. Mwambie juzi niliunguza wali.

Habari ya kapu imenifurahisha, na ndiyo hasa inayofaa kusemwa mbele ya hao maafisa. Lakini nikukumbushe jambo la nyumbani. Wapimaji walipokuja Kinondo, babu yako hakwenda kujiandikisha. Alisema hawezi kumtajia mgeni jina lake juu ya shamba ambalo kila mtu anajua ni lake. Daftari lilipofungwa, jina lake halikuwemo. Shamba likawa la wengine, baba akafa katika nyumba ya kupanga, nami nikaondoka. Tangu hapo sijaona mtu akipata haki yake kwa kukaa nje ya orodha.

Swabir si mtu wa mikutano ya maoni. Nenda, uandikwe, useme habari ya kapu.

Mjomba wako,
Chirau


Kibuyuni
28 Februari 2025

Mjomba,

Shikamoo. U hali gani? Nakuombea Ramadhani njema, nasi twangoja mwezi uandame.

Jana nilikwenda, tukiwa watu thelathini na wawili kutoka kijiji chetu. Maafisa walikuwa watatu, na mmoja alikuwa na mashine ya kuonyesha picha ukutani, ambayo ilikataa kuwaka. Walisoma kwa Kiingereza, kisha Mbarak akatufasiria alichokielewa. Mzee mmoja wa Vanga aliuliza kama sheria hiyo itamzuia mwanawe kumpiga picha akiwa amelala mdomo wazi na kuituma kwa ukoo mzima. Afisa alisema atalichunguza.

Nilisimama nikasema habari ya kapu. Wengine walicheka, lakini afisa wa kike aliandika.

Mlangoni palikuwa na karatasi ya kutia jina, namba ya kitambulisho, namba ya simu, kijiji na sahihi. Niliishika kalamu kwa muda. Walio nyuma yangu wakaanza kunung'unika. Nikakumbuka barua yako, nikaandika vyote.

Mpwa wako,
Yusra


Cardiff
4 Mei 2025

Mpwa wangu Yusra,

Assalaam aleikum. Niliandika katikati ya Ramadhani, nikaandika tena baada ya sikukuu. Nimepiga namba yako mara kadhaa na haipatikani. Posta ya huko huchelewa, na mimi nimezoea kungoja. Hata hivyo, andika mistari miwili tu.

Mjomba wako,
Chirau


29 Mei 2025

Mjomba,

Shikamoo. Mimi ni mzima. Niwie radhi kwa kimya, na kwa kutotaja mahali juu ya barua hii. Siko Kibuyuni.

Ilikuwa hivi. Unajua kwetu, shughuli ikiisha, mwenye shughuli huwashukuru waliofika kwa majina yao, asiachwe mtu. Mbarak aliona si adabu kunyamaza. Jioni ya mkutano aliipiga picha ile karatasi, akaituma katika kundi la simu la kijiji, juu yake ameandika: "Shukrani kwa wote waliohudhuria kutetea siri zetu." Mtu akaituma kwa nduguye Majoreni. Mbarak hakukusudia baya. Alipojua yaliyotokea, alimwendea Bi Dama akalia.

Swabir alifika kumi ya Ramadhani baada ya alasiri, na pakiti ya tende mkononi kama mgeni wa heri. Nilikuwa pwani kwenye mwani. Bi Dama alikuwa kibarazani.

"Sikuja kugombana," Swabir alimwambia. "Nimekuja kumchukua mke wangu."

"Mke wako yupi? Huyu eda kaimaliza, na nguo za eda zishachakaa. Na hapa keshahama."

"Basi nitamngoja mjomba wake. Nasikia kajengewa chumba. Akifika, nitajua alipo."

Bi Dama alimtuma mjukuu wake pwani kuniambia nisirudi. Niliondoka na nguo nilizovaa, bado zimelowa.

Baadaye nilikwenda afisi ya wale maafisa kulalamika kuhusu karatasi. Nikapewa fomu ya kujaza mtandaoni. Inataka jina, namba ya simu na mahali ninapoishi sasa. Niliacha.

Ukiandika, mpelekee Bi Dama. Atanifikishia kwa mkono.

Mpwa wako,
Yusra


Cardiff
22 Juni 2025

Mpwa wangu Yusra,

Assalaam aleikum. Nimefurahi kwamba u mzima, na sitauliza zaidi ya hapo.

Hukutaja mahali, lakini muhuri wa posta kwenye bahasha ulipataja. Nimeikata pembe hiyo na kuichoma kwenye sinki. Siku nyingine mpe Bi Dama bahasha, aiposti yeye kutoka kwao.

Neno "uandikwe" lilikuwa langu, na silikwepi. Tulipoteza shamba kwa kukosa jina katika orodha moja, nami nikadhani dawa yake ni kuandikwa katika kila orodha. Nilishika funguo za mafaili ya watu miaka ishirini na tisa, nikasahau kukuuliza ni nani atakayeshika ile karatasi ya mlangoni.

Ripoti ya maoni imetoka. Nimeisoma yote kurasa sitini na moja. Habari yako imo ukurasa wa arobaini: "Mshiriki mmoja alipendekeza vyombo vya kuhifadhia simu." Wamewashukuru wananchi kwa kujitokeza kwa wingi.

Nimefikiri kuhusu Desemba. Mzee wa miaka sabini na minane anayetoka Ulaya hawezi kupita Ukunda bila habari kufika Majoreni kabla yake. Nikifika nitataka kukuona, na nikija kukuona nitafuatwa. Nikikaa Kibuyuni bila kukuona, nitakuwa nimesafiri kwenda kukaa na plasta. Swabir anangoja mtu mmoja tu, na huyo ni mimi. Ni afadhali aendelee kungoja.

Chumba mpe Bi Dama, aweke mjukuu au kuku, atakavyo. Vitabu nimeviahidi maktaba ya mtaa huu. Tiketi sitakata.

Sitarudi.

Mjomba wako,
Chirau