Kijana Chini ya Rangi

3 Machi

Bibi mpenzi,

Shikamoo. Hamjambo huko? Goti la babu linaendeleaje? Mimi mzima, ila vumbi la ukumbi wa hospitali limeniingia mpaka masikioni.

Ule ukuta wa humu uliouchora ujanani hatuukwangui hata chembe. Tunaupiga picha kwa kamera inayoona mwanga ambao macho hayauoni. Mwanga huo unapenya rangi, michoro ya mkaa iliyo chini inajitokeza. Leo nimempiga picha yule mama mwenye kikapu uliyemchora. Bibi! Chini ya rangi ya kikapu yupo kijana anacheka, na ni babu mtupu!

Na uliuchora kabla hajakuposa. Si umetuambia siku zote kwamba alikubembeleza mara tatu, ukamkubali kwa huruma tu? Bosi wangu anataka picha hiyo itundikwe siku ukumbi utakapofunguliwa upya, mbele yenu wageni wa heshima.

Mjukuu wako mchokozi

9 Machi

Mjukuu wangu,

Marahaba. Sote wazima. Goti la babu linauma akitumwa tu. Chakula kikiiva, limepona.

Barua yako nimeisomea jikoni, mlango nimefunga. Ndiyo, ni yeye. Alikuwa akipiga lipu chumba cha pili. Nilimpenda kabla hajanisemesha, nikamchora, nikaona haya, nikamfunika kwa kikapu. Nilidhani yamekwisha, kumbe mtakuja na mashine za umbea!

Babu yako nimemringia maisha yote. Akiiona mbele za watu, uso wangu nitauweka wapi? Nakuomba, ifiche.

Bibi yako

14 Machi

Shikamoo bibi. Natumaini mnalala salama.

Nimemwambia bosi picha haitoki bila ruhusa ya mchoraji. Amekubali shingo upande. Neno lako ndilo la mwisho, ingawa kijana mwenyewe anapendeza kweli.

Mjukuu wako

2 Aprili

Mjukuu wangu,

Marahaba. Hatujambo, tena sana.

Nilichoka kuogopa, nikamwambia mwenyewe tukinywa chai. Alicheka mpaka akapaliwa. "Mama watoto, siku ile ulipotoka kwenda kula, niliingia kuazima ngazi yako, nikajiona ukutani. Bila hivyo ningepata wapi ujasiri wa kuja kwenu?"

Nikamuuliza, kama alijua, kwa nini alibembeleza mara tatu?

"Si ulikuwa unafurahia?"

Nimelia kwa furaha, mjukuu wangu. Mwambie bosi wako aitundike, tena iwe kubwa.

Bibi yako