Kupita Gari Ndani ya Vumbi

Shinyanga, msimu wa pamba

Mke wangu Mama Zuhura,

Nakusalimu wewe na wanangu wote hapo Korogwe. Kifua cha Zuhura kimepona? Na mama, magoti yamepata nafuu? Mimi mwili ni mzima, ila moyo haujatulia.

Umeniandikia kwamba shule ikifungwa mtapanda basi kuja huku. Nakuomba usikate tiketi kabla hujasoma haya.

Juzi nilikuwa natoka Mhunze na lori la pamba. Mbele yangu kulikuwa na trekta lenye tela, linatimua vumbi mpaka sioni hata kofia ya dereva wake. Nikakaa nyuma kwa mbali, nikingoja mahali barabara inaponyooka na upepo unasukuma vumbi pembeni. Mara likaja basi nyuma yangu, limejaa abiria, honi haipumziki. Nikatoa mkono dirishani kumwashiria dereva asije. Akaja.

Alipofika ubavuni mwangu, nikaona taa mbili ndani ya lile vumbi. Landrova inakuja, imemkabili! Kulia kwake korongo, kushoto kwake mimi. Nikasema Bismillahi, nikaliingiza lori mtaroni. Basi likarudi kushoto, kikavunjika kioo cha pembeni tu.

Hakuna aliyekufa, Mama Zuhura. Magunia ya pamba yalitawanyika, na mimi nimevimba kidogo kwenye paji la uso. Usiogope.

Abiria walishuka wengine wanalia. Mwanamke mmoja mwenye mtoto mchanga mgongoni alikuwa akisema peke yake, "Ni sisi tuliokuwa tunampigia kelele apite. Hata mimi." Dereva alikaa chini barabarani, funguo zimemdondoka na hataki kuziokota. Kondakta akanifuata.

"Kaka, leseni yako inaruhusu basi?"

"Inaruhusu."

"Tufikishe mjini, tafadhali. Hawa hawapandi tena na huyu."

Nikamwacha utingo wangu alinde lori, nikashika usukani wa basi. Hatukwenda mbali, tukalikuta lile trekta tena. Nikakaa nyuma yake. Tulikwenda mwendo wa ng'ombe hadi Maganzo, lilipokata kona. Njia nzima nilingoja mtu aseme "mpite". Basi zima kimya, watoto tu wanakohoa vumbi. Tulipofika stendi yule mwanamke akaniambia, "Wabeja, baba," ndivyo wanavyoshukuru huku, akashuka na mwanawe.

Tangu hapo kila nikilala naliona lile basi ubavuni mwangu, na dirishani ni wewe na Zuhura.

Kwa hiyo njooni kwa treni. Najua ni safari ndefu, na kubadilisha treni Tabora na watoto ni taabu, lakini nitakuja kuwapokea hapo hapo Tabora. Ikishindikana kabisa, kaa karibu na dereva. Akitaka kupita gari bila kuona mbele, simama umkataze. Abiria wakikucheka, waache wacheke.

Nisalimie mama yangu, umwambie nakula vizuri. Msalimie shemeji fundi cherehani, na jirani yetu mkunga. Habari za mtaroni usimsomee mama.

Nijibu upesi, hata kwa mstari mmoja, kwamba umekubali treni.

Ni mimi mumeo,
Baba Zuhura